Toka Chini

Saa kumi na moja alfajiri nasukuma kitoroli.
Gurudumu la kushoto linalia tangu Pasaka;
fundi alisema kesho, na kesho yake ikazaa kesho.
Raskazoni bado giza,
baiskeli za wauza mikate zimeshaanza kupiga kengele,
na wodi ya wanaume inanuka Jiki, jasho, na machungwa ya Muheza
yaliyoletwa jana na watu wasiojua walete nini kingine.

Kitanda cha tisa: Mzee Shekalaghe.
Miaka thelathini alikuwa mnyapara wa mkonge.
Miguu hii ilipima kila mstari wa shamba bila kuugua,
kisha sukari ikamvizia kwenye kidole kimoja,
kwa mwiba asioukumbuka.

Wahubiri husema Bwana yumo ndani ya kila mgonjwa.
Haya. Juzi Bwana alinitemea uji.
Jana aliniita mtoto wa mbwa, akaniomba radhi,
akanitukana tena kabla sijafika kitanda cha kumi.
Sikumwona Bwana. Niliona mzee mwenye maumivu
na beseni la kumwaga.
Nikalimwaga.
Labda na hiyo ni sala; sijui, nilikuwa na haraka.

Leo ametulia. Nafungua bendeji,
shashi ya mwisho nailowesha maji ya chumvi isije ikang'oa nyama.
"Sista," anasema, "juu kumeshakauka.
Kwa nini usikiache kijifunge, nikalale kwangu Makorora?"
Namwambia alichonifundisha Sista Perusi
mwaka wangu wa kwanza, akiniongoza mkono wenye koleo:
kidonda hakiponi kwa juu.
Ukikiacha kijifunge mdomo, chini usaha unajenga nyumba,
na siku ukibisha hodi, utafunguliwa na mfupa.
Hupona toka chini, taratibu, kikiwa wazi,
na kila siku mtu aingize shashi pale pale panapouma.

Halafu nasikia nilichokisema.

Maana miaka mitatu sijaongea na Eliwaza, dada yangu,
tangu matanga ya mama, kwa ajili ya cherehani.
Cherehani! Chuma chakavu, pedali imekatika,
lakini ndiyo iliyoshona sare zetu zote za shule.
Mchungaji alitusimamisha mbele, tukashikana mikono,
nikasema nimesamehe, kwaya ikaimba.
Juu pakakauka vizuri. Hata kovu likang'aa.

Ila kila nikipita kwa mafundi wa barabara ya kumi na mbili,
nikasikia cherehani zinakwenda,
chini kitu kinapwita.

Namfikiria Tomaso, ambaye tunamsema vibaya kila mwaka.
Huenda hakuwa mbishi; huenda alikuwa na moyo wa kiuuguzi,
mtu asiyeandika "amepona" kabla hajagusa.
Na Yule aliyefufuka hakuja na ngozi mpya.
Alikuja na matundu yake, akayatoa yaguswe,
wala hakuona haya.

Mzee Shekalaghe anashika ukingo wa kitanda, anauma meno.
"Polepole," anasema. Naenda polepole.
Anaanza kuhesabu kwa Kisambaa,
akipotea namba namrudisha.
Nikimaliza ananishika kiwiko kwa muda.
Hasemi asante. Kesho huenda akanitukana.

Kwenye chati naandika: jana sentimita nne na nusu, leo nne.
Chini pana wekundu mzuri. Harufu imepungua.

Saa mbili natoka. Jua limeshakuwa kali getini.
Simpigii Eliwaza; katika hili nisidanganye.
Nanunua vocha ya elfu moja kwa kijana wa kibandani,
naikwangua kwa ukucha, naiingiza,
natafuta jina lake kwenye simu. Lipo bado.
Naliangalia mpaka kioo kinazima.

Nusu sentimita.