Nafsi ya Kwanza

Sheria ya kazi yangu ni fupi:
mshtakiwa akisema "mimi", nami niseme "mimi".
Si "anadai kwamba". Si "bwana huyu".
Miaka kumi na minne katika Mahakama Kuu ya Arua
nimeiba mbuzi, nimechoma vibanda vya watu,
nimewakana watoto niliowazaa,
kisha jioni nanawa uso, nanunua odi ya shilingi elfu mbili
na kwenda zangu nyumbani, mtu mwema.

Jumanne ile mwenzangu alisimama kizimbani,
mimi nikapewa mama wa marehemu wa pili.
Ametoka Butembo, siku tatu njiani,
tiketi ya basi bado ameibana kiganjani
kama kwamba nayo itaombwa iwe ushahidi.
Kilugbara hajui. Kiingereza cha jaji hajui.
"Ninong'oneze," akasema. "Usinipunguzie."

Sikumpunguzia.
"Mlango ule niliuchomelea mimi.
Bawaba zangu, bati langu, kufuli nililinunua mimi, Ediofe.
Aliponihama, mlango wangu alihama nao,
lakini ufunguo wa pili ulibaki mfukoni mwangu."
Mama akasogea hadi mwisho wa benchi.
Akanitazama mikono.

Wahenga walisema hasidi hana sababu.
Acidri alikuwa nazo nyingi,
zilijaza kurasa sita.
Polisi walileta ukurasa mmoja tu:
sahani mbili mkekani, enyasa imemegwa upande mmoja;
cherehani ya Ezaru, na chini ya sindano
sare ya shule ya mtoto wa jirani,
mkono mmoja umeshonwa,
wa pili bado.
Kufuli halikuvunjwa.

Ndipo Acidri akapewa nafasi ya mwisho.
Akazishika nondo za kizimba kama fundi anayezipima unene.
"Mi," akasema. Na tena, "Mi."
Kila sentensi ilianzia hapo.

Mama akarudi karibu, akanishika goti.
"Hilo nimelisikia mwenyewe. Mi, mi. Amekiri?"
Hapana, mama. Kwa lugha yetu *mi* ni wewe.
"Wewe nani?"
Ezaru. Anamwambia Ezaru: wewe uliniacha.
Wewe ulicheka na Mkongo barazani, nikiwa napita.
Wewe ulijua nina moyo wa namna gani.
"Anasema na maiti?"
Ndiyo.
"Na Paluku wangu? Kwake anasema nini?"
Nilitega sikio mpaka mwisho.
Paluku, kifungua mimba wake,
aliyekuja Awindiri kuuza vitenge
akapenda mshonaji,
hakutajwa.

Jaji alivua miwani.
Miaka arobaini kwa kifo cha kwanza.
Miaka arobaini kwa kifo cha pili.
Vifungo vyote viwili vitumikiwe kwa pamoja.

Maneno hayo nimeyafasiri mara mia, hayajawahi kunikwama.
Mama alihesabu kwa vidole,
kama mtu anayerudishiwa chenji sokoni.
"Arobaini na arobaini ni arobaini?"
Kisheria, ndiyo.
"Siku anayokula kifungo cha yule mwanamke,
siku hiyo hiyo anakula cha mwanangu?"
Ndiyo, mama.
"Basi ya Paluku iko wapi?"

Pingu zililia ngazini. Karani akafunga madirisha.
Mfasiri haruhusiwi kuongeza neno,
nami sikuongeza,
nikaketi pale nikiwa sina mtu wa kumsemea.

Jioni nilinawa uso mara mbili.
Odi niliisahau.
Nilipofika kwangu nilisimama kizani,
ufunguo mkononi, taa ya mume wangu inawaka ndani,
na kwa mara ya kwanza tangu tuoane
nikabisha hodi.