Foleni ya Bombani, Kilembe

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa bomba,
Ithungu, binti wa mchimba shaba.
Kiswahili changu ni cha mgodini, kina vumbi;
baba alikileta nyumbani pamoja na kikohozi.

Shilingi mia kwa dumu. Mwenye haraka na asubiri.
Hapa hatupangi watu, tunapanga madumu,
na asiye na dumu huweka jiwe
limshikie nafasi, yeye akapike uji.

Mwezi wa nne akaja msichana,
miaka kumi na tisa, pua imebabuka kwa jua,
kufundisha hesabu shule ya juu ya mto Nyamwamba.
Nyuma yake, hatua kumi, mwanamume mwenye koti.
Alisema yeye ni mtalii.
Mtalii gani haangalii mlima?

Mama Baluku alisogeza dumu lake: "Pita, mgeni."
Msichana akakataa kwa kichwa,
akaenda mwisho kabisa, nyuma ya jiwe la mtu,
akangoja saa mbili kama sisi.
Nikasema moyoni, huyu amezoea foleni.
Sikujua ni foleni gani.

Alinieleza mwenyewe, tukimenya mihogo.
Kwao kuna kiti kimoja, na watu wamepangwa:
dada mkubwa, dada wa pili, kisha yeye.
"Mimi ni lile jiwe," alisema.
"Nimewekwa niwepo,
na wote wanaomba nisihitajike."
Sura yake imechorwa kwenye sahani za watu asiowajua.
Alipoanguka farasini, ana miaka sita,
gazeti lilijua kabla ya bibi yake.
Ana majina saba. Nikamwambia ayataje,
nikayahesabu kwa maganda ya mihogo:
hakuna hata moja linalosema amezaliwa wa ngapi.

"Maskini," nikasema.
"Kwetu Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili.
Wewe ni Kabugho. Basi."
Mtalii akaandika kwenye daftari lake.

Jumanne moja simu ikalia foleni ikiwa ndefu.
Dada mkubwa kajifungua mtoto wa kiume.
Kabugho akacheka, akakalia dumu lake,
kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.
"Nimekuwa wa nne," alisema.
"Hana hata jino, na amenisogeza."

Foleni nzima ikauliza uzito wa mtoto.
Ikauliza kama mama ametoka salama,
kama maziwa yameshuka.
Juu ya kiti, hakuna aliyeuliza.
Mama Baluku tu, akifunga mfuniko wa dumu:
"Hicho ni kiti, kinasogezwa.
Kabugho ni Kabugho,
hata wazae huko mpaka kesho kutwa."

Aliondoka mwezi wa saba, mvua ikinyesha.
Mtalii alinishika mkono, akanong'ona
kwamba mlima ni mzuri.
Kumbe aliuona.

Juzi imefika barua, na picha:
kitoto ndani ya lesi nyeupe, kimekunja uso
kama mtu aliyerukwa zamu yake.
Kimepewa majina tisa, ameandika Kabugho.
Je, mnadhani yatatosha?

Nimemjibu kwa Kiswahili changu cha vumbi:
Mwambie yeye ni Baluku, hayo mengine ni ya sahani.
Nawe ukumbuke, dumu la asubihi ile ya mwisho
ulilibeba ukilia, hukulipa.
Shilingi mia.
Nimeiandika ukutani, kwa mkaa, chini ya jina lako.