Mkalimani wa Ghala la Chai

Mji wa Leer, Januari, saa nne za usiku.
Mchana mashine hii haiguswi: inatoa ankara,
inahesabu Assam kwa kreti, inadai na kudaiwa.
Mgeni hupiga hodi usiku tu.

Nimeleta lugha mpya kwa faili mia tatu na kumi,
lugha nyepesi ya skripti, iliyozaliwa kwenye mashine za aina nyingine
na kuzoea chakula kingine.
Folkert Eilers ananitazama kwa pembe ya jicho.
Miaka ishirini na minane ameilea mashine hii,
na kabla yake mama yake.
Ni sanduku jeusi la kimo cha friji;
amelizima mara mbili: siku ya kulihamisha
na siku ya mafuriko.

"Ya nini mkalimani, Wiebke,
ilhali mimi na yeye tunaelewana?"

Sijibu. Naandika amri, nabonyeza.
Kompaila inasaga faili ya kwanza, ya pili, ya arobaini,
kisha inatema.
Kosa, mstari wa kumi na tisa.
Narekebisha.
Kosa, mstari wa kumi na tisa.

Kumbe huku hata A si A.
Kule nilikosomea, A ni sitini na tano;
hapa ni mia moja tisini na tatu.
Herufi ndogo hutangulia wakubwa zao,
namba hufuata nyuma kama wasindikizaji,
na baina ya I na J pana ufa,
nafasi saba walizopanga wapangaji wengine.
"Nani alipanga alfabeti namna hii?"
"Kadi za kutoboa," asema Folkert.
"Matundu yakisongamana, karatasi ilichanika."
Anasema hivyo kama mtu anayemtetea marehemu.

Usiku wa tatu analeta chai.
Sukari ya jiwe inalia kidogo inapopasuka,
malai yanashuka ukingoni, kisha yanapanda kama wingu.
"Usikoroge," ananikumbusha, kana kwamba sikuzaliwa hapa.
Kisha anainamia kioo cha kijani.

"Mbona maandishi yako yamejaa ä na ü?
Kila mlango unafunguliwa kwa ä, unafungwa kwa ü.
Hata sisi Wajerumani hatuzipendi kiasi hicho."

Mabano yangu.
Mabano yangu ya mawimbi, yote,
yamevaa nukta mbili kichwani na kujifanya wenyeji,
nami siku tatu nimeyapita
kama mtu anavyoyapita majina milangoni mwa majirani.

Folkert anauvuta ubao wa herufi.
Anafuta mia mbili sabini na tatu,
anaandika thelathini na saba.
"Usimfokee. Mwambie tu mgeni ametoka wapi."

Saa nane kasorobo faili ya mwisho inapita.
Maktaba mpya imekaa juu ya zile kuukuu
na hakuna kilichokorogeka.

Skripti ya kwanza, mistari sita, kwa majaribio tu:
nani tunayemdai au anayetudai
kwa zaidi ya miaka kumi?
Jibu ni mstari mmoja.
Tjarks, duka la rejareja, Weener. Duka limefungwa.
Anatudai: marki tatu na pfenigi arobaini.

Marki! Nilicheka mimi. Yeye hakucheka.
"Programu zangu zilimwona kila mwezi," alisema,
"ila hazikuwahi kuulizwa."
Akakaa kimya, akikwaruza ukucha kwenye meza.
"Mama Tjarks bado anaishi ghorofani, juu ya duka.
Mumewe ndiye alikuwa akipiga simu."

Kulipopambazuka alivaa koti,
akashusha rafuni robo kilo ya mchanganyiko mzito,
akaandika ankara kwa mkono, akaandika sifuri,
akaipigia sifuri mstari mara mbili.
Mlangoni aligeuka.
"Huyo mkalimani wako. Kesho nionyeshe anavyoulizwa."

Nilimimina kikombe cha tatu, kilicho haki ya kila mtu hapa.
Mashine ilianza ankara za asubuhi.
Chini ya chai, sukari ilikuwa bado haijaisha.