Kiporo

Namba niliibadilisha mwenyewe, mwezi wa tatu,
wiki moja baada ya mazishi,
mvua ikipiga bati la kiwanda kama ipigavyo Tukuyu,
bila adabu, bila kupumzika.
Nilifuta ya Gwakisa, nikaandika yangu,
nikahifadhi, nikasoma tena mara mbili.
Faili likasema ndiyo.

Lakini seva ina sufuria yake jikoni.
Mashine ndogo zikija kuuliza, "Leo tuishije?"
haiendi shambani. Hufunua kifuniko,
huzipakulia cha jana.
Na cha jana kilisema: kikaushio kikizidi joto,
mwamsheni Gwakisa.

Basi usiku wa manane simu ikatetemeka
katika nyumba ya matofali ya kuchoma, juu ya kabati,
kando ya miwani isiyovaliwa.
Atupele akasoma: JOTO LIMEZIDI. KIKAUSHIO 2.
Akanipigia.
"Mwanangu, mashine yenu inamtafuta mume wangu."

Nikasema samahani. Nikaizima seva, nikaiwasha.
Ikaamka, ikanawa uso, ikapakua kiporo kilekile.
Nilipoihoji ikajibu kila kitu kiko sawa,
kwa taa ya kijani, kijani kuliko chai yenyewe.
Mara ya pili. Mara ya tano. Aprili nzima.
Mama yule akazijua mashine kwa tabia zao:
"Namba mbili tena. Na ile nne, inayolialia."
Siku nyingine alinijulisha kabla ya msimamizi wa zamu.

Akiba haiozi, tulifundishwa.
Hii ilishaota ukungu
na bado iliandaliwa kwenye sahani safi.

Alhamisi moja nikaipata, folda ndani ya folda,
tarehe yake ya Februari,
siku ambayo Gwakisa alikuwa bado kwenye kiti hiki
na kikombe cha tangawizi, akilalamikia mgongo.
Jina lake alilichapa mwenyewe, kwa haraka,
a moja imeruka.
Nilikaa nalo kidogo. Kule chini kikaushio kikinguruma.
Kisha nikafuta.
Mashine zilipokuja kuuliza, safari hii seva
ikalazimika kuchukua jembe.

Usiku uleule simu ikalia kwangu, saa nane na robo.
Nikavaa buti, nikaenda kushusha joto,
nikarudi na matope hadi magotini,
nina furaha ya kijinga.

Jumapili nikamkuta Atupele sokoni
akipima maparachichi kwa kidole gumba.
Nikamwambia limekwisha, mama,
hatutakusumbua tena.
"Ndaga," akasema. Akaligeuza parachichi,
akalirudisha, akachukua jingine.
"Kumbe ndiyo maana. Siku tatu hizi
saa nane ikifika naamka, naitazama.
Nikadhani chaji imekwisha,
nikaichomeka."