Vikombe vya Soari

Bonde letu huku Welisi ni jembamba.
Mvua huingia kanisani kabla ya mhubiri
na hutoka baada yake.
Enzi za makaa ya mawe tulikuwa makanisa matano,
kila moja na kinanda chake,
kila moja na ugomvi wake.
Moja sasa ni duka la mazulia.
Betheli wamebaki saba,
Ebenezeri wanne na mbwa wa Gwilym,
Salemu kumi na mmoja, tukimhesabu Cerys mja mzito mara mbili,
na sisi wa Soari tu watatu:
mimi, dada yangu Nesta,
na baridi.

Tanuri letu lilizima Novemba.
Fundi alitaja bei, Nesta akacheka mpaka akakaa chini.
Barua ya makao makuu ikasema: fungeni, uzeni,
nendeni kanisa kubwa la mjini, lina maegesho.

Jifya moja haliinjiki chungu, kweli.
Lakini nani hulitupa mtoni kwa sababu hiyo?
Hutafutiwa wenzake.

Nikapanda mlima hadi Betheli.
Babu yangu aliapa hatavuka kizingiti kile:
wao huzamisha, sisi hunyunyiza,
na maji yote ni ya mto mmoja.
Heulwen alifungua, mikono ina unga.
Nikasema: Tuna vikombe mia na ishirini, hatuna moto.
Akasema: Moto upo. Vikombe vyetu havina mikono.
Basi, huo ndio mkataba. Hakuna askofu aliyeuona.

Kila kibao kingali mlangoni pake.
Emrys hupiga kinanda mara tatu kila Jumapili,
gari lake linanuka kondoo na noti za muziki.
Gwilym huhubiri kifupi, anaogopa kuendesha gizani.
Pazia la Dilys lisipofunguliwa saa tatu asubuhi,
simu hulia nyumba nne.

Tunagombana bado:
kitabu kipi cha nyimbo, divai au maji ya zabibu.
Heulwen anaamini mimi sijabatizwa.
Huniletea supu hata hivyo,
bakuli la kumtosha mtu aliyebatizwa.

Februari, Nesta alinitoka.
Usiku ule nilihesabu waumini wa Soari:
mimi, na baridi.
Nikajiandaa kuimba peke yangu, sauti ya pili,
kwa kuwa ya kwanza ilikuwa yake.

Asubuhi nikakuta theluji imekanyagwa mpaka mlangoni.
Vijana wa Salemu wamebeba majiko mawili ya gesi,
Emrys amevua kofia, Cerys na mtoto mgongoni,
Ebenezeri wote wanne, na mbwa.
Sauti ya kwanza ikaanzia nyuma yangu.
Sikugeuka kumtafuta mwimbaji.

Chai ilipomiminwa, vikombe viliisha.
Miaka arobaini sijaona vikiisha.

Tulipoviosha vikawa mia na kumi na tisa.
Kimoja kiko Salemu, Cerys kakiri.
Sijakidai.
Kikae huko, kiwe kinaniita.