Daftari la Karanga

Saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujashuka mabegani mwa migomba,
nateremka na daftari kwapani.
Kuna rula ya chuma imesimama mtoni, rangi imebambuka,
tisa yake inasomeka saba kwa asiyeizoea.
Mimi nimeizoea. Miaka kumi na minne
naupima mto Karanga asubuhi na jioni,
naandika, nafunga, napanda kwenda kukamua ng'ombe.
Posho ya ofisi ya bonde hainunui hata jozi ya gambuti.
Marehemu baba, Aminieli, ndiye aliyeanza:
alisoma maji kama wengine wasomavyo Zaburi,
kwa kunong'ona.

Sijaiona bahari.
Naijua kwa hesabu tu:
kinachonipita hapa sentimita arobaini na tatu
kinakwenda Weruweru, kinakwenda Kikuletwa,
kinalala Nyumba ya Mungu na perege,
kinaamka, kinazungusha mitambo ya umeme wa watu,
kisha Pangani, na huko
wanasema maji husahau jina lake.

Ndeshi, mwanangu, alipotoka Tanga kikazi
aliniletea bahari ndani ya chupa ya soda.
Nikaonja. Nikatema. Nikaonja tena.
"Mama, ni chumvi tu," akacheka.
Lakini chumvi ile niliijua:
ni mawe yetu haya, yamelambwa na mvua kidogo kidogo
tangu ukoo wangu haujawa na jina.
Kumbe siku zote tunawapelekea chumvi bila ankara,
nao wanaturudishia mawingu
bila kuuliza nani ameoga, nani amefulia.

Mwezi wa tisa namba zikaanza kuyumba.
Jioni, arobaini na moja. Alfajiri, thelathini na tatu.
Mto haunywi usiku. Mto hauna kiu yake wenyewe.
Nilisimama na kalamu mkononi, nikasikia
harufu ya dizeli ikishuka na maji.

Ndewirwa.
Jirani yangu, mpaka kwa mpaka.
Kang'oa kahawa, kapanda parachichi za kuuza ng'ambo,
miche mia mbili, kila mmoja mdomo wazi.
Mkopo wa benki una tarehe, mvua haina.
Na mbege ya msiba wa baba aliipika nani? Mkewe.
Ungeandika nini, wewe?
Kalamu ilitaka arobaini.
Arobaini isingemuumiza mtu yeyote ninayemjua.

Niliandika thelathini na tatu.
Kwa mwandiko mdogo, lakini niliandika.
Kesho yake, thelathini na mbili.

Hakuja mtu wa ofisi. Alikuja yeye, usiku, sikumwona;
alfajiri nikakuta jani la isale
limefungwa kwenye rula, juu kidogo ya namba.
Kwetu isale haikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu,
akija na isale mnakaa, mnaongea.
Lakini jani hili lilikuwa la nani?
Mimi hakuniibia. Mimi ni mshika kalamu tu.
Wanaodai wako chini huko:
perege wa bwawani,
mikoko inayongoja maji baridi mlangoni mwa Pangani,
kamba wachanga wasio na daftari
wala wa kuwaandikia.

Nikafungua fundo. Jani likazunguka mara moja kwenye jiwe,
kama mtu aliyekumbuka kitu amekiacha nyumbani,
likaenda.

Sijui kama lilifika.
Pampu bado ipo. Inanguruma Jumanne na Ijumaa,
kwa zamu, kama mfongo wa babu zetu,
na tukikutana njiani tunasalimiana kwa urefu,
habari za ng'ombe, habari za watoto,
hakuna anayetaja maji.

Leo asubuhi: thelathini na tisa.
Ningependa kuandika neno moja pembeni,
ila safu ya maneno haipo.
Nimefunga daftari. Ng'ombe analia.