Breketi ya Dainamo

Tundu tatu: mbili juu,
ya tatu chini, imekaa upande
kama mtu aliyekuja arusini bila kualikwa.
Ndivyo alivyonichorea Fundi Nyamawi
kwa chaki, sakafuni, gereji ya Jomvu.
Paka akapita, akafuta tundu moja.

Lori ni Bedford, la sitini na nne.
Ubavuni bado pasomeka SUBIR,
herufi ya mwisho imeliwa na kutu.
Baba alibebea chokaa na mawe ya Tiwi
mpaka kiti cha dereva kikashika umbo la mgongo wake.
Injini niliikuta imelala, nimeiamsha:
pistoni mpya, gasketi nimezikata mwenyewe kwa mkasi wa cherehani.
Dainamo tu
yaning'inia kwa waya,
haina pa kushika.

Shimanzi, kwa Dadkarim wa vyuma chakavu.
"Breketi? Ninazo hadi za meli."
Akanimwagia karai zima miguuni.
Ya Leyland. Ya trekta. Ya kitu
ambacho hata yeye hakijui.
Moja ikakubali tundu zote.
Nililipa mia nane bila kuteta,
nikapanda tuktuk nimeipakata
kama mtoto wa arubaini.

Kuifunga, mkanda umekaa kombo,
nusu kidole nje ya njia.
Ukalia dakika mbili, ukaruka,
ukalikosa sikio la Nyamawi.
"Hii ya injini ya petroli," akasema.
"Yako dizeli. Ni ndugu hawa,
lakini kila mmoja na mamake."

Basi tukachonga yetu, kwa bamba la Miritini,
tukachomelea, tukapaka rangi, tukajisifu.
Siku ya tatu ikapasuka pale pale penye weldi.
Chuma cha kusubu hakiigizwi na bamba.
Nyamawi akanikumbusha kwamba mtafutaji hachoki,
akichoka keshapata.
Mimi nimechoka, fundi. Na sijapata.

Jumamosi, nyumbani Kuze,
nainua kifuniko cha birika nichote maji ya udhu.
Juu yake pana lile jiwe jeupe
tulilokuwa tukigombezwa kwalo tukiwa wadogo:
*rudisha jiwe, paka asije akatumbukia!*
Kila Idi hupakwa chokaa pamoja na ukuta.
Mkono umelowa. Kidole gumba
kikazama ndani ya jiwe.
Kingine kikazama.
Nikaitafuta ya tatu, nikijua itakuwa wapi:
upande.

Mama anachambua mchele, hakuinua uso.
"Babako aliing'oa usiku, asubuhi
dalali aje na karatasi za benki.
Walikuja na betri, wakaja na dereva.
Bila mkanda hakuna feni, hakuna pampu ya maji.
Likafika Makupa, likachemka kama dele la kahawa.
Wanunuzi wakaona moshi, wakaenda zao.
Mwezi haujesha akalikomboa kwa bei ya vyuma,
akalivuta kwa kamba."

Mbona hukuniambia?

"Uliniuliza, Mwanakombo?
Miezi minane ni breketi, breketi.
Miye nalijua jiwe la kifuniko."

Nikakaa uani na kisu cha kukunia samaki.
Chokaa ikatoka ganda kwa ganda,
Idi ya mwaka huu, Idi aliyofariki,
Idi nilizokuwa nimevaa viatu vya kuazima,
na chini kabisa kijani cha kiwandani,
na alama ya spana, mpya kama ya jana,
pale mkono wake ulipoteleza gizani.

Sikuisugua hapo.

Jomvu, Jumatatu, mkanda umenyooka.
Nyamawi akaubonyeza kwa kidole, akaguna,
na kwake kuguna ni hotuba.
Bado bolti moja ya chini: meno yake ya inchi,
na madukani zote ni za milimita.
Kesho Shimanzi tena.

Birika nalo halikukaa wazi.
Ile ya petroli, ya mia nane,
imelalia kifuniko.
Mama keshaipaka chokaa.